Kamba ya Mtego wa Fuko

Baba Costancia,

Nimekwenda shamba la kijiji. Maharage yapo jikoni, usiyaache yakaungua. ~~Chai yako nimeifunika kwenye sufuria.~~ Chai jichemshie.

Asubuhi nimekuta mstari mzima wa karoti zangu umelala chini. Fuko amezitafuna kutoka ardhini, akaniachia majani. Kwenda kuangalia mtego, ufito uliopaswa kupindwa na kamba umesimama wima, kamba hakuna! Kumbe jana uliichukua kufungia bendera ya chama, eti wewe ni balozi wa nyumba kumi na leo wageni wanatoka Kilosa. Hata kuniuliza? Ungesema tu, ningekusokotea nyingine.

Kila mkutano unatuambia siasa ni kilimo. Haya, mimi nimeanza na kilimo. Kamba nimeirudisha mtegoni, na asiiguse mtu, hata awe balozi.

Costancia akitoka shule anyunyizie majivu majani ya mistari iliyobaki, na karoti zinazochungulia nje azifukie.

Bendera yako ipo chini ya karatasi hii, nimeikunja vizuri. Wageni wakiuliza mbona mlingoti mtupu, wapeleke bustanini wakaone wenyewe.

Kamba kamwombe fuko.

Mama Costancia