Chombo cha Mama Hakitoki Kitupu

Nakivale, karibu na Kabazana
Tarehe 21 Julai 2012

Mpendwa Yaya Perpétue, dada yangu mkubwa,

Amani ya Bwana Yesu ikufikie hapo Uvira pamoja na wote wa nyumbani. Mguu wako umeshuka uvimbe? Usinifiche, maana nakujua, hata ukiumwa unasema niko muzuri. Sisi tunapumua. Mume wangu Eliezeri alishikwa malaria wiki mbili, sasa amerudi shambani na manung'uniko yake yote, kwa hiyo najua amepona.

Sasa kaa chini nikuambie habari ya Liliane. Unajua anakaa kwa watu wa kanisa kule Nyamitanga, na tangu Pasaka alikuwa anasaidia bure kwenye nyumba moja ya makumbusho hapo Mbarara. Mukubwa wa pale alimwambia: siku ya kufungulia watu milango, ukifanya vizuri tunakuandika kazi. Mutoto wangu, Yaya, mukimbizi, kati ya wenye diplome. Sijisifu, lakini nani mwingine hapa kambini amezaa hivyo?

Akaniandikia nilete chombo cha maziwa cha mama, kile cha mti chenye kifuniko cha kusuka, nilichobeba mgongoni kutoka kwetu. Akasema kije kisafi na kikavu. Nikakiosha, nikakifukiza kwa majani mpaka kikanukia. Lakini asubuhi ya kuondoka mikono ilikataa. Nikaomba maziwa kwa Semahoro jirani, nikatia kidogo tu chini. Sikumwambia mtu.

Fasi ile ya makumbusho ni nzuri. Bustanini watoto wa shule walikuwa wanapanda miche, na kila mmea una kibao chenye jina lake, hata yale majani yetu ya kufukizia. Ndani, vyombo vya Wanyankole vimepangwa nyuma ya kioo. Liliane alikuwa anaongea Kiingereza, anageuka Kinyankole, anarudi Kiswahili. Nikamwambia mama aliyekaa kando yangu, huyo ni wangu. Nilimwambia mara tatu.

Basi mukubwa akachukua chombo chetu kuwaonyesha wageni, akakiinamisha. Maziwa yakamwagika juu ya kitambaa cheupe na viatu vyake. Na yalikuwa yameshaganda, jua lile.

Mukubwa akamtazama Liliane. "Nilikuambia kikavu, ama sikukuambia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Niliona kazi ya mwanangu inamwagika pale. Angeweza kusema, "Ni mama yangu aliyetia," Yaya, na ni kweli. Hakusema. Alikipokea chombo kwa mikono miwili, akawageukia watu.

"Kwetu chombo cha maziwa hakitoki nyumbani kitupu. Ukikitoa kitupu, ni kama unaaga ng'ombe. Hiki kilitoka kitupu mara moja tu, siku babu na nyanya walipokimbia."

Yaya, habari ya siku ile sikumwambia mimi. Nafikiri alinisikia nikimwomba Mungu.

Bibi mmoja wa Kakiika, mwenye fimbo, akasogea, akanusa chombo, akacheka. "Hii mutoto anasema kweli. Hata sisi tunafanya hivyo. Nyinyi wa hapa, hivi vyetu kwa kioo mumeviacha njaa miaka ngapi?"

Watu wakacheka, mukubwa naye akacheka huku anapangusa viatu. Akamwambia Liliane arudie maneno yale kwa kundi lililofuata. Mpaka jioni aliyarudia mara nne, na kila mara mimi nililia kama mpya. Jumatatu wamemwandika.

Walitaka chombo kibaki kwao. Nikasema si changu peke yangu, kina dada mkubwa Uvira. Basi nilipokuwa nakifunga kwa kitenge nirudi nacho, yule bibi akanishika mkono. Alikuwa ametuma mjukuu wake nyumbani. Akakijaza mpaka shingoni, kwa sababu, akasema, safari ya kurudi nayo ni safari.

Nisalimie shemeji Musoni, na Nyirakamana, umwambie mimi wifi yake sijamsahau. Liliane na baba yake wanakupigia magoti kwa heshima.

Mungu akufunike na mkono wake, akulete hapa kwa miguu yako mwenyewe. Siku hiyo sitaki ubebe kitu. Chombo cha mama kiko juu ya kabati, na hutakikuta kitupu.

Wako akupendaye siku zote,
mdogo wako Mukarukundo, mama Liliane