Kivuli Alipoketi Cucu

Wambui mjukuu wangu,

Huku Uthiru tuko salama, ila mvua imelaza mahindi.

Umeuliza kivuli cha nusu duara chini ya picha zako kinatoka wapi. Lenzi pana inakinga mwanga wa flashi. Toa ile kofia ya mbele ya lenzi, ya kukinga jua, kisha inua flashi juu zaidi.

Mimi nilisahau kuitoa siku ya ubatizo wa baba yako. Cucu yako, nyanya ambaye umerithi jina lake, aliketi mbele kabisa na mtoto. Picha ilipooshwa, wageni wote walionekana isipokuwa yeye, kivuli kilimfunika. Nikamwahidi nyingine Jumapili, lakini kila Jumapili niliitwa kupiga picha kwenye harusi za watu Kitisuru.

Tulipomzika, mke wa mpiga picha, hatukuwa na picha yake ya kuweka juu ya jeneza.

Guka wako