Kiti Kilichoinuka Msibani

Baba Tumaini,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kumuuliza mtu hali yake. Wewe sikuulizi, maana naogopa jibu. Nakuandikia mchana kweupe, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka wanavyotaka, na bado moyo unanidunda. Ukitaka kucheka, cheka. Ulinicheka miaka yote kwa uoga wangu, sioni kwa nini uache sasa.

Jambo lenyewe ni baiskeli yako. Ile ya mtumba uliyoitoa Singida mjini, yenye matairi mapana na kiti kinachopanda na kushuka chenyewe. Unakumbuka siku uliyoifikisha hapa Kinampanda? Watu walijaa kwenye kibanda chako cha ufundi, kila mtu anataka kubonyeza kile kidude cha kwenye usukani. Ukibonyeza na kukaa, kiti kinashuka na wewe. Ukibonyeza na kunyanyuka, kinakufuata juu. Ukiachia, kinabaki hapo hapo. Ulitueleza kwamba ndani ya bomba lile kuna hewa iliyofungiwa, na waya unaotoka kwenye usukani ndio mlinzi wa mlango wake. Wenyewe huko Ulaya waliitengeneza kwa mchezo wa kuteremka milima. Wewe ukaitafutia kazi nyingine, kumfundisha mke wako baiskeli ukubwani.

Miguu yangu mifupi uliijua. Ulikishusha kiti hadi mwisho, nyayo zangu zote mbili zikagusa chini, ukanisukuma pale uwanja wa shule huku watoto wakituzomea. Nilipopata mwendo ulikuwa unakimbia pembeni na kupiga kelele, "Sasa bonyeza, simama kidogo, kiache kipande!" Na nilipopiga mayowe ulikuwa na neno lako moja. "Ukiogopa, bonyeza ukae. Ardhi ipo." Kwa neno hilo nilipeleka kuku mnadani Ulemo wiki baada ya wiki, tenga limejaa kwenye keria, na kwenye kile kiteremko cha mawe nilikuwa nabonyeza, nakaa, natanguliza miguu yangu mifupi, nafika.

Siku ya mwisho uliyoikalia wewe, mimi ndiye niliyesukuma. Hukuwa na nguvu za kukanyaga pedeli. Kiti tulikishusha hadi chini na viatu vyako viliburuza njia nzima mpaka zahanati, vikachora mistari miwili kwenye vumbi. Nilirudi peke yangu nikaifuata mistari ile mpaka nyumbani. Wewe walikupeleka Kiomboi hospitali, na uliporudi ulirudi ukiwa umelala kwenye gari la kukodi.

Sasa nisikilize yaliyotokea.

Tulipokwisha kukuzika, watu wakakaa matanga. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, kiti kiko chini, pale pale ulipokiacha. Hakuna aliyekigusa. Jua la mchana lilikuwa kali, wanawake tumekaa kwenye mkeka, shangazi yako amefika kutoka Nduguti, ametundika furushi lake kwenye usukani ili avue viatu. Akaketi. Akaanza kulia vizuri tu, kwa Kinyiramba, akikutaja majina yako yote. Ghafla akanyamaza. Tukageuka kutazama anakotazama.

Kiti kilikuwa kinainuka.

Polepole, Baba Tumaini. Bila mtu, bila kelele, mpaka kikafika kimo chako, kikasimama. Shangazi yako ana magoti mabovu tangu namfahamu, lakini siku ile alifika barabarani kabla ya wasichana. Mimi sikukimbia. Usinisifu, miguu ilikataa. Nilibaki mkekani nikikitazama kiti, na kitu pekee kilichokuja kichwani ni kwamba ndivyo ulivyokuwa ukisimama baada ya kula, taratibu, umeshika kiuno.

Jioni ile ile wazee wakaamua. Kaka yako Zakayo akasema baiskeli isipandwe, na siku ya kuanua tanga akabidhiwe yule mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mkokoteni. Nikamwomba aiuze basi kwa mtu, isikatwekatwe. Akanijibu kwa upole kabisa, "Shemeji, utamuuziaje mtu baiskeli ambayo mwenyewe bado yuko juu yake?"

Niliogopa kiti, ndiyo. Lakini niliogopa na mengine. Bila baiskeli hakuna kuku mnadani, na bila kuku Tumaini hataendelea na shule, na mimi nitakuwa mjane wa kukaa kwenye kigoda cha shemeji nikisubiri kuitwa kula. Nikamwambia Zakayo, nipe mpaka siku ya tanga. Kisipoinuka tena, ibaki kwangu. Kikiinuka, chukueni. Akanitazama kwa huruma inayotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa na msiba, akakubali.

Nikaanza. Kwanza nilifanya ambalo kila mtu hapa angefanya, nikakata mpira wa tairi la zamani nikakifunga kiti kwenye keria. Nilipoikokota baiskeli na kukata nayo kona ya nyumba, nikasikia mpira unalia. Kiti kilikuwa kinauvuta. Niliitupa baiskeli nikajifungia kwenye banda la kuku, na kuku wenyewe walinishangaa.

Sanduku lako la spana sikuthubutu kulifungua. Vitu vya marehemu havifunguliwi kabla ya tanga kuanuliwa, na kwa hofu niliyokuwa nayo nisingelifungua hata kwa ruhusa ya mchungaji. Nikaenda kwa Ramadhani, fundi mwenzako. Unajua alivyo na maneno. Nilimkuta kibandani kwenu, upande wako ameufagia na kuuacha mtupu. Nikamwomba aje aitazame. Akashika kifua. "Mama Tumaini, mimi na marehemu hatukuachana vibaya, lakini sitaki tuonane mapema hivi." Akanipa ule ufunguo wake mdogo uliopinda, wa pembe sita, akanielekeza pale shingoni ambapo bomba la kiti linaingia kwenye fremu. "Kaza hapo. Kaza mpaka ilie."

Nikakaza mpaka ikalia. Kiti kikakwama katikati. Hakipandi, hakishuki. Nikakikalia kwa uzito wangu wote, hakikusogea. Nikakivuta, kimya. Sasa ndipo nilipoogopa hasa, maana kiti kinachoinuka angalau unajua kinataka nini. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikalegeza shingo kidogo kidogo, na kikashuka kwa pumzi ndefu iliyonisimamisha nywele.

Nikarudi kwa Ramadhani kumrudishia ufunguo wake. Nadhani nilikuwa naonekana vibaya, kwa sababu aliacha utani akaniwekea kigoda. Ndipo akaniambia kwamba ulipokuwa umelazwa Kiomboi alikuja nyumbani, mimi niko kwako hospitali, akaisafisha baiskeli, akatia grisi, akakaza waya zote. "Zilikuwa zimelegea," akasema. "Nikaona aibu. Mwenzangu atoke hospitali akute waya umelegea na mimi nipo?" Akageuka, akajifanya anatafuta kiraka.

Nilisimama pale na kidole chako nikakiona. Kile kidole chenye kucha nyeusi, ukigonga waya wa breki, halafu ukigonga ule wa kiti. Ulikuwa unaniambia mimi, au ulikuwa unajiambia mwenyewe, sikuwahi kujua. "Wa breki unyooshe. Huu wa kiti uache upumue kidogo."

Nilirudi mbio. Nikaisimamisha baiskeli katikati ya uwanja, usukani umenyooka. Nikakishusha kiti, nikasubiri. Kimetulia. Nikapindisha usukani kushoto kabisa, waya ukajivuta pale mbele ya fremu, na kiti kikaanza kuinuka. Nikaunyoosha usukani. Kikasimama njiani. Nikapindisha tena. Kikaendelea kupanda.

Kumbe ni furushi la shangazi yako! Lilining'inia upande mmoja, usukani ukapinda, waya uliokazwa na Ramadhani kwa mapenzi yake yote ukajivuta, mlinzi akafungua mlango, na hewa ikafanya kazi yake. Na mimi nilipokata kona ya nyumba, mambo yakawa yale yale.

Pale kwenye usukani kuna kile kijinati cha kukaza na kulegeza waya kwa vidole. Nikakilegeza. Mara ya kwanza nikapitiliza, nikawa nabonyeza kidude na hakuna kinachojibu, kiti kimekufa kabisa. Nikarudisha kidogo. Nikabonyeza, kikashuka. Nikaachia, kikakaa. Nikapindisha usukani kulia na kushoto mpaka mikono ikachoka, hakikutikisika. Nikabonyeza, kikapanda.

Siku ya kuanua tanga nikaiegemeza ukutani mahali pale pale, kiti chini. Nikamwomba shangazi yako, kwa shikamoo na magoti chini, atundike furushi lake. Alikataa. Nikachukua furushi mwenyewe nikalitundika, usukani ukapinda ulivyopinda siku ile. Ukoo mzima ulisimama mbali, Zakayo mbele, na mnunuzi wa chuma naye amefika na mkokoteni wake, hajui kwa nini hakuna anayezungumza. Jua lilikuwa lile lile. Nilikuwa nimelegeza waya kwa mikono yangu, najua kila kitu kilichomo ndani yake, na bado niliogopa.

Tulingoja chai ikapoa. Kiti hakikuinuka.

Zakayo akasafisha koo. "Haya. Ibaki kwa mama Tumaini." Shangazi yako akapiga magoti pale mavumbini akashukuru Mungu. "Ameondoka kwa amani, mke wetu. Ametuacha." Watu wakapumua, wakacheka, wakaanza kugawana vyakula. Mimi nikabaki nimeshika usukani, na hofu ikanipanda upya, mbaya kuliko ya kwanza.

Maana siku zote zile, Baba Tumaini, nilikuwa naogopa kwamba ni wewe. Niliogopa nikichota maji, niliogopa nikipika, niliogopa kupita ukuta ule. Lakini nilikuwa na mtu wa kumwogopa. Walipoanza kucheka, nikajua kwamba haukuwa wewe hata siku ile ya kwanza. Ni waya. Nyumba hii haina mtu isipokuwa mimi na Tumaini, na usiku nikisikia kitu nje, ni kitu tu.

Jana mchana, walipokwisha kuondoka wote, nimefanya jambo ambalo sitamwambia mtu. Nimekikaza kile kijinati mpaka pale alipokiacha Ramadhani. Nimekishusha kiti. Nimepindisha usukani.

Kikainuka, taratibu, mpaka kimo chako. Nilijua ni waya, nilijua ni hewa, na nikakisalimia hivyo hivyo. Nimekiwekea mkono juu, kilikuwa cha moto kwa jua. Nimekaa nacho mpaka kuku wakaja kudai mahindi yao. Halafu nikalegeza waya, nikaupa pumzi yake.

Kesho ni mnada wa Ulemo. Tenga liko tayari, majogoo wawili wameshapigana humo ndani. Sijashuka kile kiteremko tangu uumwe, na naogopa, sikufichi. Naogopa mawe, naogopa kurudi nyumbani na habari na kukosa wa kumwambia. Lakini nakuahidi, nitapanda. Waya wako sitamruhusu mtu aukaze, hata akiwa Ramadhani, hata akilia. Na Tumaini nitamfundisha pale pale uwanja wa shule, kiti kikiwa chini.

Lala, mume wangu. Usiinuke tena kwa ajili yetu.

Nikifika kwenye mawe na nikiogopa, nitabonyeza nikae, nitangulize miguu. Ardhi ipo, ulisema. Ipo, Baba Tumaini, na wewe umo.

Mkeo,
Mama Tumaini