Kidonge kwa Chai

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa kusalimia tu, uchovu umeniganda. Nalala masaa tisa, naamka kama niliyekesha. Juzi nilisinzia kazini nimeshika pasi, nikaunguza kola ya sare. Msimamizi wetu wa kiwandani, tunayemwita Saa Mbovu kwa kuwa kwake kila mtu amechelewa, kaniandikia onyo la pili. Shati la tatu likiungua, kazi sina. Hata ngazi napanda kwa kupumzika. Nifanyeje?

Mwanao wa kwanza

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo. Uchovu gani huo wa mtu wa miaka ishirini na sita? Baba yako alipofariki nilikuambia usikae unalialia, shika kazi. Sasa umeuachia mwili. Huo ni uvivu, nakuambia wazi kwa sababu nakupenda. Kama unabisha, nenda hospitali wakupime, na dawa umeze kama nilivyokulea.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimepimwa. Damu iko chini, madini ya chuma yamepungua mwilini. Nimepewa vidonge vya miezi mitatu. Huo uvivu hawakuuona kwenye kipimo, labda mashine yao mbovu.

Nameza kila asubuhi kwa chai ya rangi, nzito, kama nyumbani. Unajua kwa maji natapika.

Mvivu wako

11 Juni

Mama,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida.

Nimerudi kupimwa. Damu imepanda kiduchu tu! Daktari akaanza kuniuliza kama nina mawazo, kama nimefiwa. Nikapandwa na hasira, nikaona naye ananiona mwongo. Akauliza, "Baba yako ulimlilia?" Mama, nililia hadi watu wa kwenye foleni wakachungulia. Anasema huzuni nayo inachosha mwili, na mimi huenda nina yote mawili.

Natoka, muuguzi ananiuliza dawa nameza na nini. Nikasema chai. Akashika kichwa. Kumbe chai inayazuia yale madini yasiingie mwilini vizuri! Miezi mitatu, Mama! Nani alitufundisha kwamba kwetu kidonge hakimezwi kwa maji? Na nani aliniambia nisilie?

Shati la tatu liliungua wiki iliyopita. Nimefukuzwa. Kama utaniita mvivu tena, usinijibu.

Mwanao

14 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nilisema usinijibu kama utaniita mvivu, sikusema usinijibu kabisa. Miezi miwili! Sasa nameza kwa maji, naziba pua. Ngazi napanda bila kusimama. Nimepata kibarua cha kukunja nguo, pasi siigusi. Wewe umenuna au unaumwa? Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na ile ya Juni pia naiitikia. Sikununa. Nilisoma barua yako nikaanza kujishauri, na ukaidi wangu unaujua, wiki tisa zikaisha. Juzi nimekwenda kupimwa. Damu yangu iko chini kuliko yako. Bado wanatafuta inapotelea, wameniita tena Jumatatu. Nimepewa vidonge, nameza kwa maji, yananishinda lakini nameza. Daktari aliniuliza kama nimemlilia marehemu. Nikamjibu kwetu hatulii.

Ukipata ruhusa, njoo. Nataka tumlilie wote wawili, peke yangu naogopa kuanza.

Nisamehe, mwanangu. Ile barua ya kukuita mvivu niliiandika nimelala kitandani, saa tano asubuhi, siku ya nne sijafagia nyumba.

Mvivu mwenzako,
Mama