Taya Tatu na Bangili ya Bibi

Tabora, Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye ugali.

Leo nimeumbuka, daftari langu, na nimeumbuka kwa hiari yangu. Mimi! Fundi wa pili kwa ubora Tabora nzima. Wa kwanza ni baba mdogo, na huyo nampa nafasi kwa kuwa mashine ya kukerezea vyuma ni yake.

Kazi ilikuwa bangili ya shaba ya Bibi, mama yake baba mdogo. Baba wa Bibi aliileta kutoka pwani siku za upagazi, na Bibi hajaivua tangu alipokuwa mwari. Sasa mkono umevimba, bangili inambana. Tumeitoa kwa sabuni. Akabaki uani amejishika mkono mtupu kama aliyefiwa.

Ikiharibika hii, hakuna nyingine.

Taya za kawaida za mashine, zile zinazoshika kitu kinachokerezwa, zingeing'ata. Kwa hiyo baba mdogo alichonga taya tatu mpya za chuma laini, akazifunga kwenye mashine na kuzikaza kwa pete ya chuma, nami nikakanyaga pedali huku akikereza ndani ya taya hizo duara la kuikumbatia bangili bila kuiumiza. Tukazitoa, tukapiga tupa kwenye kingo. Yeye mwenyewe akazirudisha, akaibana bangili ndani yake.

Kwake hukanyagi kabla ufunguo wa taya haujarudi mfukoni na mashine haijazungushwa kwanza kwa mkono. Nikazungusha. Bangili ikayumba kama mlevi.

Nikachungulia alama. Kila taya ina mikato yake ya tupa ya kuonyesha zamu yake: mmoja, miwili, mitatu.

"Baba mdogo! Umepanga moja, tatu, mbili! Mimi niliyeishia darasa la tatu nakushinda kuhesabu!"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Alizitoa, akapapasa mikato kwa kidole gumba, uso ameuelekeza kwingine kabisa.

"Humu leo mna giza," akasema.

Jua lilikuwa limejaa mlangoni.

Nikaacha kucheka. Huyu ndiye aliyenifundisha kuona tofauti ya unywele kwenye chuma. Nikampa taya moja, nyingine, ya tatu, kwa zamu yake, kana kwamba ndivyo tunavyofanya siku zote. Bangili ikakaa sawasawa. Akaikereza kwa ndani kidogo kidogo ipanuke, akitegemea sikio kuliko jicho.

"Mbona mmekawia?" Bibi akauliza tulipompelekea uani. "Nilidhani mmeshaiua."

Baba mdogo akafumbua mdomo. Nikamwahi.

"Ni mimi, Bibi. Nilichanganya taya."

"Nilijua tu. Mdomo mkubwa, akili kiduchu!"

Akaivaa, akaitikisa, ikateleza vizuri mkononi. Akacheka peke yake kama binti. Baba mdogo akaniwekea mkono begani, akauacha hapo muda mrefu.

Kesho nikitoka kanisani nitachukua tupa niichimbe zaidi ile mikato, isomeke kwa kidole. Akiuliza, nitamwambia ni mimi nisiyeona vizuri.