Mti Usiomnyima Jirani Jua

Mjukuu wangu Nekesa,

Salamu nyingi kutoka Butula. Sisi ni wazima. Babu yako amepata miwani, sasa anasoma hata maandishi ya pakiti ya sukari.

Umeniuliza, ukishang'oa ua wa lantana, vile vichaka vyenye sumu, hapo Malaba, upande nini katika nafasi ya hatua moja kati yako na jirani. Panda lusiola, mti ule mwembamba wenye maua ya manjano. Hukua kwenda juu, haujitanui.

Nilipoolewa hapa, ua wetu ulikuwa wa lantana. Ndama wa jirani yetu, Mama Akinyi, aliila akafa. Kwa aibu nilijifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu Mama Akinyi akabisha hodi, ameshika miche mitatu ya lusiola.

"Dada, twende tung'oe hiyo kitu. Mti huu hautakula njia yako wala jua langu."

Nikaanza kuomba msamaha, machozi yakanitoka.

"Utalia tukichimba," akasema, akanipa jembe.

Baba yako alipozaliwa, mikono ya mama huyo ndiyo iliyompokea. Namshukuru Mungu kwa ajili yake hadi leo.

Basi usichimbe peke yako. Mwite jirani kwanza.

Kukhu, bibi yako akupendaye.