Kwa Nini Simo Kwenye Picha za Harusi ya Dada

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko ugenini? Wewe hujambo, na Wifi hajambo? Na yule mtukutu wenu, meno yameshatoka au bado anawanyima usingizi? Natumaini barua hii itawakuta nyote mna afya njema. Sisi huku tunaendelea. Mama mgongo unamsumbua kwa kuinamia cherehani, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kwamba nguo za watu hazijishoni. Baba yuko salama. Bado anaondoka na lori alfajiri, na bado anakoroma kama lori lenyewe.

Kaka, juzi kwenye simu uliniuliza mbona umezitazama picha zote za harusi ya Dada na mimi hunioni hata moja. Nikakujibu kwamba nilikuwa na kazi nyingi jikoni. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, ndiyo maana. Nimeona bora nikuandikie, maana kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati.

Tangu uondoke, uso wangu umebadilika sana. Naosha asubuhi vizuri, lakini kipindi cha pili darasani hakijaisha paji la uso linang'aa kama sufuria jipya. Halafu zikaja chunusi. Zilianzia kidevuni, zikapanda mashavuni, kubwa zenye usaha, zinazouma hata ukilalia mto. Wavulana wanaokaa nyuma darasani wakanibatiza jina la Kikaango, wakasema kwao wakiishiwa mafuta ya kupikia watakuja kwangu na chupa. Nilicheka nao. Ukicheka wanachoka mapema.

Nyumbani sikuwa na wasiwasi kwa sababu Dada alikuwepo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na akinikuta nimeanza kujiminya ananipiga mkono: "Acha hiyo, utabaki na mashimo!" Alipochumbiwa alisema mbele ya watu wote kwamba mpambe wake ni mimi, hataki mwingine. Mama akanishonea gauni la zambarau. Nililijaribu mara nyingi hadi Mama akasema litachakaa kabla ya harusi.

Gauni lilikuwa tayari, uso ndio haukuwa tayari. Nikaanza kujitibu mwenyewe. Nilipaka limau, nikapaka dawa ya meno, nikajifuta kwa spiriti, nikajisugua kwa sukari kama mtu anayesugua ukoko. Kila nilivyozidi kuukausha, ndivyo mafuta yalivyozidi kutoka. Wiki ya harusi nikaenda kwa yule jirani anayeuza vipodozi dirishani kwake. Akanipa kikopo kisicho na jina wala maandishi.

"Paka kabla ya kulala," akaniambia. "Ukiamka hutajijua."

Kweli, sikujijua. Uso uliwaka moto, ukavimba, na ngozi ya mashavu ikaanza kubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Asubuhi ya harusi, mpambaji alijitahidi, maskini. Poda haikushika. Penye mafuta iliteleza, na palipobanduka ilijikusanya vipande vipande. Mpiga picha akachungulia, akasema, tena kwa upole, kwamba uso huu utampa shida kwenye mwanga. Dada alikuwa kwenye kiti chake, ameshavaa shela. Alinitazama kupitia kioo. Hakugeuka.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya," akasema. "Hizi picha ni za maisha yangu yote. Leo mwachie binamu yake bwana harusi asimame na mimi. Wewe nisaidie kushika mikoba."

Nikamwambia sawa. Nikalivua gauni palepale. Yule msichana ni mwembamba kuliko mimi, kwa hiyo Mama akapiga magoti akaanza kulipunguza kiunoni, pini mdomoni. Sijui kama alinyamaza kwa sababu ya zile pini. Ninachojua ni kwamba hakuinua macho kunitazama.

Basi siku nzima nilikuwa mshika mikoba. Kamera ikielekea upande wangu nilisogea mwenyewe, wala hakuna aliyenifukuza. Watu wakanisifu kweli, eti huyu binti hana makuu, anasaidia bila kuchoka.

Baba ndiye aliyenikuta nyuma ya makreti ya soda nikilia. Alisimama tu mbele yangu, mgongo wake umeelekea ukumbini, ili watu wasinione. Jumatatu hakwenda na lori. Alinipeleka hospitali, tukapanga foleni pamoja kwa daktari wa ngozi.

Daktari ni mama mmoja mwenye miwani. Aliniuliza nimepaka nini, nikamtajia vyote, akafumba macho kidogo. Akanieleza kwamba huu ni umri, mwili unatoa mafuta kupita kiasi, si uchafu na si kosa langu. Akaniambia niache kila kitu kwanza mpaka ngozi ipoe. Baada ya hapo nioshe kwa sabuni laini asubuhi na jioni bila kusugua, nipake losheni nyepesi isiyo na mafuta, na dawa aliyoniandikia niitumie kidogo kidogo. Nisitegemee miujiza, ni kazi ya miezi. Kisha akauliza kama kuna mtu kwenye familia aliyewahi kuwa hivi.

"Mimi," Baba akasema.

Akapandisha ndevu zake kwa vidole, akamwonyesha mashimo yaliyojificha chini. Kaka, wewe ulijua? Miaka yote tunamtania kwamba kidevu chake ni ufagio!

"Ndiyo maana sinyoi," akasema, huku akiangalia dirishani.

Sasa uso unapoa. Chunusi mpya zinakuja moja moja, alama bado zipo, ila nimeacha kujiminya. Kitanda ndicho kimekuwa kikubwa mno.

Wiki iliyopita Dada alikuja na shemeji, amenawiri, anacheka kila saa, ameleta albamu. Tukaitazama wote sebuleni na nikasema amependeza, kwa sababu alipendeza kweli. Baadaye alinifuata jikoni, akaniwekea kiganja shavuni. Nikarudi nyuma.

"Bado inauma?" akaniuliza.

"Bado."

"Jamani, pole. Endelea na dawa tu, itaisha." Akachukua trei ya chai, akaenda zake.

Nakuomba usimwambie chochote. Simchukii, Kaka. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Msalimie sana Wifi, na umbusu mtukutu, umwambie ana shangazi huku anayetamani kumbeba. Baba na Mama wanawasalimu, na Dada na shemeji pia. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, awape riziki na awarudishe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka sana siku hizi,

Kitindamimba.